Kipaza Sauti Mkononi mwa Akina Mama

Aliyesafiri kwa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi anaujua mji wa Sultan Hamud, katika kaunti ya Makueni, ukishaipita Emali. Jina lake ni la Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902, nasi watu wa pwani hufurahi kulikuta jina hilo mbali na bahari, katika nchi ya Wakamba. Basi letu lilisimama hapo majuzi. Katika mkahawa tulimonywea chai, redio ilizungumza Kikamba tangu tulipoingia hadi tulipotoka.

Wazee wetu hawakuyajua hayo. Zamani zao redio ilikuwa ya serikali, na lugha kama Kikamba zikigawiwa saa zao tu. Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo: Capital FM ilianza Nairobi mwaka 1996, kwa Kiingereza, sheria mpya ya mawasiliano ikapitishwa 1998, na mwaka 2000 ikaja Kameme, kwa Kikikuyu. Kikamba nacho kikapata Musyi na Mbaitu.

Hatulalamiki. Nani atamani kurudi kwenye sauti moja? Lakini tuulize pia redio ni ya nani. Musyi ni ya kampuni ileile ya Nairobi yenye Radio Citizen. Lugha ni ya Ukambani, mizani ya hesabu iko mji mkuu. Mwenye redio ya biashara huuza masikio ya wasikilizaji kwa wenye matangazo, na masikio yanayotafutwa ni ya wengi wenye fedha. Mama anayetaka kujua siku ya chanjo katika zahanati ya kijiji chake si mteja wa mtu.

Ndiyo maana tunapenda kisa cha Mang'elete. Ukitoka Sultan Hamud kurudi pwani, ukaipita Makindu, utafika Kibwezi. Upande huo, mahali paitwapo Nthongoni, vikundi 33 vya wanawake viliungana wakawa na redio yao wenyewe, ikaanza kurusha matangazo mwaka 2004. Wanawake wa vijijini, katika nchi ya ukame, wenye kipaza sauti! Bila kufunguliwa kwa mawimbi wasingeipata leseni kamwe.

Hata hivyo sheria iliyowafungulia haikuwabeba. Inatambua redio za umma, za biashara na za jamii, na fedha za redio ya jamii sharti zirudi katika kazi za jamii. Ni sharti jema. Ila bili ya umeme haijui kwamba redio ni ya jamii, wala fundi wa mtambo hajui. Na kijana aliyefundishwa kutangaza bure, akiitwa na redio yenye mshahara, ataacha kwenda? Sisi hatumlaumu, tunailaumu serikali iliyogawa masafa ikadhani imemaliza kazi. Redio ya wanawake ikizimika, wimbi lake halibaki tupu. Atalichukua mwenye mtaji.

Hapa kwetu akina mama hucheza upatu kila wiki, wakachangiana harusi na matanga. Wale wa Nthongoni nao walikuwa vikundi tu, kabla hawajawa redio.