Kilemba cha Ukoka

Wapo wanaotuimbia kwamba utandawazi ndio uliomkomboa mwanamke wa Kihindi. Hesabu yao huanza mwaka 1991, India ilipofungulia biashara ya dunia milango yake, nao huipamba kwa mataji ya urembo waliyovishwa Sushmita Sen na Aishwarya Rai mwaka 1994. Hoja hiyo tunaikataa.

Natuitazame Gujarat, jimbo ambalo majahazi ya pwani yetu yalilijua tangu kale. Katika mji wa Anand, wanawake maskini walibeba mimba kwa ujira, wakawazalia wageni wa ng'ambo. Soko likaiita fursa. Mtoto akapanda ndege. Aliyemzaa akarudi kwao. Biashara ya kubeba mimba kwa ujira haikuharamishwa kabisa ila kwa sheria ya mwaka 2021.

Katika jimbo hilohilo, mjini Ahmedabad, Ela Bhatt aliasisi chama cha SEWA mwaka 1972, miaka 19 kabla ya milango kufunguliwa. Wachuuzi wa mboga, washonaji na wachukuzi wa mizigo waliungana kudai haki zao. Mwaka 1974 wakaanzisha benki yao wenyewe. Hawakungoja soko liwahurumie.

Hatubezi mshahara wa binti anayefanya kazi ya kompyuta Bangalore. Ni jasho lake. Lakini soko humlipa mwanamke kwa kile linachokihitaji, na likitosheka humtupa. Uhuru ni kauli yake juu ya kazi yake na mwili wake, na kauli hiyo hupiganiwa, haiuzwi dukani. Basi tusilivishe soko kilemba cha ukoka, na wenye kustahiki kilemba tunawajua.