Maarifa ya Motokaa: Sauti ya "Ko!" Chini ya Land Rover Kuukuu

Mkulima mmoja wa Kinangop alinunua Land Rover kuukuu ili kuchukua viazi vyake sokoni na maziwa yake kiwandani. Miezi ya kwanza alifurahi sana. Kisha akaanza kusikia sauti chini ya sakafu. Kila alipoachia klachi ili aondoke, gari lilitoa mlio mmoja mzito, "ko!", kama wa nyundo juu ya chuma. Alipoondoa mguu katika mafuta mlio ulirudi, na alipokanyaga tena ulirudi tena. Akalipeleka gari kwa fundi kijana wa gereji ya karibu. Fundi akaketi katika kiti cha dereva, akalizungusha gari mara moja uwanjani, akasema, "Mzee, giaboksi imekwisha. Yafaa tuitoe yote tuweke nyingine." Fedha alizozitaja zilikuwa sawa na bei ya ng'ombe mmoja wa maziwa, na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akilipa karo ya watoto wawili.

Mkulima alikuwa tayari kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Aliyemzuia ni kaka yake mkubwa, karani wa chama cha ushirika, mtu asiyetia sahihi karatasi kabla ya kuisoma mara mbili. "Ndugu yangu," akamwambia, "ng'ombe akiuzwa harudi, lakini giaboksi yaweza kungoja hata Jumatatu. Kwanza mwone yule fundi mzee wa Naivasha."

Haifai kudhani kwamba fundi kijana alikuwa mdanganyifu. Alisikia mlio karibu na kiti, na giaboksi iko karibu na kiti. Kosa lake ni kuliamini sikio peke yake. Fremu ya Land Rover ni ya chuma, nayo imeshika kila kitu kuanzia mbele hata nyuma. Na mabati ya juu ni ya alumini. Chuma huchukua sauti kama waya wa simu uchukuavyo maneno, na kishindo kilichotokea kwenye ekseli ya nyuma chaweza kusikika chini ya miguu ya dereva. Sikio hutoa habari ya kwamba kuna ugonjwa, lakini si shahidi wa kuaminiwa akitaja mahali.

Safari ya nguvu

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Magari ya namna ile ya kale, yaitwayo Series, yaliendelea kutengenezwa huko Solihull, Uingereza, mpaka mwaka 1985. Kwa hiyo hata lile lililo kijana kuliko yote limekwisha kufikia miaka 40. Mengi yangali yakifanya kazi mashambani, kwa sababu yanaweza kufunguliwa na kufungwa kwa spana za kawaida. Lakini gari la umri huo haliwezi kukosa ulegevu hapa na pale, na mwenye kulimiliki hana budi kuijua njia ya nguvu toka injini hata gurudumu.

Nguvu hutoka katika injini, ikapita klachi, ikaingia giaboksi, kisha ikaingia kisanduku cha pili kinachogawa nguvu ya mbele na ya nyuma. Kutoka hapo huchukuliwa na bomba refu la chuma liitwalo propela. Kila ncha ya propela ina kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi, ili propela iweze kuzunguka hata ekseli inapopanda na kushuka juu ya springi. Mwisho wa propela ni difu, na ndani ya difu nguvu hugeuka upande kwa meno, ikafuata vyuma viwili viitwavyo hafshafti mpaka kwenye magurudumu.

Msomaji aliyelima kwa plau ya ng'ombe ataelewa mara moja. Ng'ombe wanapoanza kuvuta, mnyororo hukazika pete moja baada ya nyingine. Ikiwa pete zimelika, mnyororo hushtuka kwa kishindo kabla plau haijasogea. Hivyo ndivyo ilivyo katika motokaa. Kila kiungo kina nafasi ndogo, na dereva anapoachia klachi nafasi zote hukazwa kwa pamoja. Anapoondoa mguu katika mafuta, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na nafasi zile hukazwa kwa upande wa pili. Ndiyo maana mlio hutokea mara mbili. Basi swali la haki ni hili: ni kiungo kipi ambacho ulegevu wake umepita kiasi?

Maswali kabla ya spana

Fundi mzee wa Naivasha hakuinama chini ya gari mara moja. Aliuliza kwanza, "Mzee mwenzangu, linalia wakati gani?" Na mwenye motokaa yeyote afanye vivyo hivyo: achukue daftari, aendeshe polepole, aandike anayoyasikia.

Mlio mmoja wakati wa kuondoka, na mmoja tena mguu unapotoka katika mafuta, kwa kawaida ni ulegevu katika krosi, propela, difu au hafshafti. Mlio wa kukwaruza, "kwi, kwi, kwi", unaofuata mwendo wa gari likienda polepole, mara nyingi ni krosi iliyokauka grisi. Mlio wa "ka, ka, ka" usiokoma, unaokwenda sawasawa na magurudumu, waweza kuwa jino lililovunjika, na gari hilo lisiendeshwe zaidi. Uvumi mrefu kama wa nyuki, unaobadilika dereva akikanyaga au akiacha mafuta, huelekeza mashaka kwenye meno na beringi za difu. Bali kishindo kinachotokea gari likiingia shimoni, au breki zinapokanyagwa, huenda hakihusiani na njia ya nguvu hata kidogo: huenda ni bushi za springi zilizolika, au bolti za kufungia ekseli katika springi zilizolegea.

Mkulima alijibu kwamba mlio wake ni wa namna ya kwanza, na kwamba siku hizi kuna pia "kwi, kwi" gari likishuka taratibu kuelekea kiwanda cha maziwa. Fundi mzee akatikisa kichwa, lakini hakusema neno.

Breki ya mkono isiaminiwe

Jambo hili lisomwe mara mbili. Katika Land Rover za Series, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika ngoma moja iliyo nyuma ya kile kisanduku cha kugawa nguvu, mahali propela ya nyuma inapoanzia. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu kuzunguka upande mmoja huku mwenzake aliye chini akizunguka upande mwingine, na gari laweza kuondoka ingawa breki ya mkono imevutwa. Propela ya nyuma ikifunguliwa, breki hiyo haina tena mamlaka yoyote juu ya magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yanayobaki chini yakingwe kwa mawe makubwa mbele na nyuma, na ekseli iliyoinuliwa iwekewe tegemeo imara. Jeki peke yake si tegemeo. Tena mtu asilale chini ya gari injini ikiwa inanguruma.

Kutafuta kwa utaratibu

Fundi mzee alianza na vitu visivyogharimu kitu. Alijaribu nati za magurudumu kwa spana. Akajaribu bolti nne zilizo katika kila ncha ya propela, maana moja ikilegea hugonga kama giaboksi iliyokufa. Akatazama bolti za springi, na mipira inayobeba injini na giaboksi. Mpira ukipasuka, injini huruka upande klachi inapoachiwa, na kishindo chake ni kikubwa. Vyote vilikuwa salama.

Kisha, giaboksi ikiwa huru na magurudumu yamekingwa, akashika propela kwa mkono mmoja, na kile kipande kilicho upande wa pili wa krosi kwa mkono wa pili, akavizungusha kinyume, huku na huku. Krosi nzima haionyeshi mchezo wowote mkononi. Iliyolika hucheza, na jicho huona. Akatazama pia vile vikombe vidogo vinne vya krosi. Ndani ya kila kikombe kuna vyuma vyembamba kama sindano, na grisi ikikauka hushika kutu na kusagika. Dalili yake ni vumbi jekundu kama la kahawia pembeni mwa kikombe. Krosi ya mbele ya propela ya nyuma ilikuwa na vumbi hilo, na ilicheza mkononi kama jino la mtoto.

Fundi mwingine angaliishia hapo. Huyu mzee hakuishia, kwa sababu ugonjwa mmoja haukatazi wa pili. Aliinua gurudumu moja la nyuma, akaizima injini na kuacha gia imeingia, akalitikisa gurudumu mbele na nyuma huku mkulima akitazama propela. Gurudumu likisogea sana kabla propela haijasogea, ulegevu uko katika difu au katika meno ya hafshafti. Propela ikisogea upande mmoja wa krosi na upande wa pili umetulia, ulegevu ni wa krosi. Propela nzima ikisogea pamoja, ulegevu uko mbele yake. Kisha akashika kichwa cha difu pale propela inapofungwa, akakisukuma juu na chini. Kikicheza juu na chini, beringi yake imelika. Hakikucheza. Mwishowe akafungua oili ya difu katika karai safi. Unga mwembamba wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni meno yanayovunjika. Palikuwa na unga tu.

Gari linapokataa kusema ukweli hata baada ya hayo, iko njia moja ya mwisho. Propela ya nyuma hufunguliwa, kisha kirungu cha manjano husukumwa chini ili magurudumu ya mbele yavute, na gari huendeshwa kidogo, polepole, mahali tambarare. Mlio ukitoweka, ugonjwa uko katika propela ile au nyuma yake. Ukibaki, utafutwe mbele, na hapo ndipo giaboksi yenyewe inapostahili kutajwa.

Mwisho wa mambo

Propela ilipotolewa, fundi mzee aliweka alama ya chaki kwanza. Propela ina sehemu inayoteleza ndani ya meno, na ikirudishwa bila kulinganisha krosi za ncha mbili, gari hutetemeka likienda kasi, na mwenyewe atadhani amenunua ugonjwa mpya. Kikombe kimoja cha krosi kilipofunguliwa hakikuwa na grisi, na sindano zake zilikuwa zimebaki mbili tu. Nyingine zilikuwa unga. Fundi akamwonyesha mkulima mkononi. "Mzee mwenzangu," akasema, "hii isingefika mvua zijazo. Ingekatikia njia ya kiwandani, mteremkoni, na madebe ya maziwa nyuma."

Maneno hayo hayakuwa ya kutisha bure. Propela ikikatika gari likienda, huzunguka ovyo ikipiga kila kilicho karibu, hata mabomba ya breki. Ikiwa ni ya nyuma, breki ya mkono nayo imekwenda. Giaboksi mpya isingalizuia jambo hilo. Mkulima angalimuuza ng'ombe, angalilipa fedha zote, na bado angalishuka mlima ule akiwa na krosi ile ile.

Krosi mbili mpya ziliwekwa, zote za propela ya nyuma. Jumla ya gharama, pamoja na kazi ya fundi, ililipwa kwa fedha za magunia machache ya viazi. Sauti haikutoweka kabisa: kilibaki kigongo kidogo, cha gari lenye umri. Fundi mzee alimwambia wazi kwamba kidogo hicho si ugonjwa, na mtu asimwamini yeyote atakayetaka fedha ili kukiondoa.

Kwa wenye motokaa za namna hii, mambo matatu yakumbukwe. Krosi zitiwe grisi kwa desturi, na tena kila baada ya gari kuvuka maji mengi, mpaka grisi ionekane ikitoka katika vikombe vyote vinne; kikombe kisichotoa grisi kimeziba, nacho ndicho kitakachokufa kwanza. Klachi iachiwe taratibu, kwa kuwa kila mshtuko ni nyundo juu ya kiungo kilichochoka. Na fundi akisema giaboksi imekwisha, aombwe kwa adabu aonyeshe ulegevu huo kwa mkono wake, mwenye gari akitazama. Fundi mwema hataudhika.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkulima wa Kinangop aliziba ufa, na kwanza aliutafuta mahali ulipo kabla ya kulipia ukuta mzima. Ng'ombe wake yungali zizini, na karo ya muhula ule ililipwa kwa maziwa yake.