Mlinzi wa Hewani Naye Hubadilishwa kwa Zamu

Katika maghorofa ya Bugolobi, chini ya kilima cha Mbuya, visanduku vyeupe vimebandikwa darini: hivyo ndivyo visambazaji vya waifai. Ndani ya kila kimoja mna programu ya kukiendesha, ambayo mafundi huiita famuwea. Programu hiyo, mfano wa bunduki, isipotunzwa humsaliti mwenyewe.

Yafaa sababu ieleweke. Oktoba 2017, Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kasoro katika WPA2, kinga iliyotumika karibu kila mahali penye waifai. Mhalifu aliyejibanza karibu na jengo aliweza kunasa habari zilizopita hewani. Kubadili neno la siri hakukufaa kitu. Dawa ilikuwa programu mpya katika simu na kompyuta, na vilevile katika visambazaji vya maofisini vinavyompokezana mtumiaji upesi atembeapo. Mei 2021 Vanhoef alitangaza kasoro nyingine, baadhi yake zikiwamo tangu mwaka 1997.

Hata hivyo, pupa nayo ina hasara. Umeme ukikatika wakati programu inaandikwa, chombo huweza kufa kabisa. Na umeme wa Kampala haupigi hodi unapoondoka. Kwa kuwa visambazaji vingi vya maofisini hupata umeme kupitia waya wa mtandao kutoka kwenye swichi, betri ya akiba na iwekwe kwenye swichi hiyo.

Kamanda mwenye busara haondoi walinzi wote lindoni kwa dakika moja. Vivyo hivyo, msimamizi wa jengo aanze kwa daftari: kila chombo, aina yake, mahali kilipo na toleo la programu yake. Programu mpya ichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, na maelezo yake yasomwe, hasa kama inapatana na mtambo unaoongoza visambazaji vyote. Mipangilio inakiliwe na toleo la zamani lihifadhiwe, ili kurudi nyuma kuwezekane. Kisha kijaribiwe chombo kimoja, mahali pasipo na shughuli nzito, siku kadhaa. Kikitulia, vingine vifuate usiku, kwa mafungu, majirani wawili wasizimwe pamoja. Wapangaji waarifiwe mapema: zahanati inayotunza kumbukumbu za wagonjwa mtandaoni haistahili kushtukizwa.

Chombo ambacho mtengenezaji ameacha kukitolea programu kiondolewe, hata kama taa yake ingali inawaka.

Tume ya Mawasiliano ya Uganda ina makao yake papo hapo Bugolobi. Lakini Tume haitapanda ngazi kukagua dari ya kila nyumba. Kazi hiyo ni ya mwenye jengo. Basi na ateuliwe mtu mmjoa, jina lake liandikwe daftarini, naye aulizwe kila mwezi. Lindo lisilo na jina la mlinzi halina mlinzi.