Serikali Moja, Midomo Minne: Nani Anamjibu Mkulima wa Korosho?



Ibara ya 53(2) ya Katiba yetu inasema mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, watawajibika kwa pamoja Bungeni. Kwa pamoja! Si Kilimo peke yake, si Fedha peke yake. Sisi tunaosoma sheria tukiikosea ibara hii kwenye mtihani tunakatwa alama. Mawaziri wakiikosea, anayekatwa ni mkulima.

Chukua zao lolote. Sera inaandikwa Wizara ya Kilimo. Bwana shamba ni mwajiriwa wa halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Tozo zinapangwa Hazina. Soko na viwanda ni habari ya wizara nyingine tena. Kugawana kazi si dhambi. Dhambi ni kila mmoja kuamua lake, halafu mkulima ndiye aunganishe vipande.

Mnabisha? Twendeni Mtwara na Lindi, mwaka 2018.

Sheria ya Tasnia ya Korosho ilikuwa inasema asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje irudi kuendeleza zao: pembejeo, utafiti, miche. Yaani korosho inajilipia salfa yake yenyewe. Mwezi Juni, kupitia Sheria ya Fedha, Serikali ikafuta mgawo huo na kuzoa zote kupeleka Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wakiwemo wa chama tawala. Hawakusikilizwa. Wizara moja inahubiri uzalishaji, nyingine inachukua hela ya kuzalishia, na zote zinaitwa Serikali!

Miezi minne baadaye msimu ukafunguliwa. Bei za mnadani zikawa chini, wakulima wakagoma kuuza. Novemba mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, wakatumbuliwa siku moja. Ndani ya siku chache jeshi likaitwa kubeba korosho na bei ikatangazwa: shilingi 3,300 kwa kilo. Bei tamu masikioni. Ila wapo waliosubiri malipo miezi na miezi, huku ada za watoto zikidaiwa na shamba likisubiri palizi. Uzalishaji ulikuwa takriban tani 313,000 msimu wa 2017/18. Msimu uliofuata ukashuka hadi kama tani 225,000. Sawa, hali ya hewa nayo ilichangia. Lakini serikali makini ikiona mvua haieleweki inamwongezea mkulima nguvu, haimpunguzii.

Wapambe watakuja kwenye maoni na hoja mbili. Ya kwanza: "Mapato yote ni lazima yaingie Mfuko Mkuu." Si kweli. Someni ibara ya 135(2): Katiba yenyewe inaruhusu sheria itenge fedha kwa shughuli maalumu. Kufuta mgawo ule ulikuwa uamuzi wa kisiasa, tusidanganyane.

Ya pili: "Hayo ni ya awamu iliyopita." Jamani! Kiongozi anaondoka, mwanya unabaki. Kinachorudishwa leo kwa hisani ya waziri kinaweza kuondolewa Juni yoyote kwa kifungu kimoja cha Sheria ya Fedha. Hisani si haki.

Na hapa ndipo Katiba Mpya inapoingia jikoni kwako. Wenzetu Kenya wameandika kwenye ibara ya 43 kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Njaa haijaisha kwao, lakini raia ana mahali pa kusimama akaiuliza serikali mbele ya jaji. Sisi tuliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi na kijamii tangu 1976, ila ustawi wetu umewekwa kwenye sehemu ya Katiba ambayo ibara ya 7(2) inasema mahakama haina nguvu ya kuisimamia. Mkulima akiumia anabaki na barua na maombi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja, mgawo wa mazao ulindwe, usiguswe kabla wakulima na Kamati ya Bunge ya Kilimo hawajasikilizwa hadharani. Mbili, Waziri Mkuu alete Bungeni kila mwaka, kabla ya bajeti, taarifa moja ya chakula na kilimo iliyosainiwa na wizara zote zinazohusika, ili asiwepo wa kusema "hilo muulize mwenzangu". Tatu, haki ya chakula iingie kwenye Katiba Mpya, na idaiwe mahakamani.

Kazi yako kamanda: nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji chako. Uliza ushuru wa mazao uliokusanywa mwaka huu ni kiasi gani, na kiasi gani kilirudi shambani. Andika jibu. Wakikosa jibu, andika hivyo hivyo, kisha uliza tena mkutano ujao.

Hakuna kulala mpaka kieleweke!