Chikanda Kivulini mwa Nyumba

Mkulima wa Mpui akaaye kando ya njia iendayo Tunduma aijua vema chikanda. Ni viazi vidogo vya maua ya mwitu ambayo wataalamu huyaita Disa, Habenaria na Satyrium. Hukaushwa, hutwangwa pamoja na karanga, hutiwa magadi na pilipili, vikapikwa hata vikawa kama mkate wa kukatwa vipande. Walaji wake wakubwa wako Zambia. Makisio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalisema ya kuwa viazi kama milioni 2 hadi 4 vilitoka kila mwaka katika nyanda zetu za juu kusini. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa, na maua haya yalikuwa sababu mojawapo. Lakini Kitulo ni mbali na Mpui.

Wako wasemao, tupande chikanda bustanini kama viazi vitamu, nayo shida itakwisha. Twaona ya kuwa si rahisi hivyo. Kila shina lina viazi viwili: cha zamani kilichosinyaa, na kipya kigumu kitakachoota mwaka ujao. Mchimbaji hutwaa kile kipya, na hapo mmea umekwisha. Mbegu nazo ni kama vumbi. Hazina akiba ya chakula ndani yake, wala haziwezi kukua ila kwa msaada wa kuvu aishiye udongoni. Kuzimwaga kitaluni ni kazi bure.

Hata hivyo yafaa kujaribu kwa kiasi. Chagua aina iotayo chini ya miti ya miombo, si ile ya mbugani, maana hiyo hutaka jua na maji. Itwae pale utakapolima wewe mwenyewe, ambapo jembe lako lingeiua, majani yakiisha kukauka. Ing'oe na bonge zima la udongo, ili kuvu aje pamoja nayo. Ipande chini ya mti wenye kivuli chepesi, kwa kina kile kile. Usiitie samadi, wala usiipande katika ntumba. Tuta hilo la Wafipa ni jema kwa mahindi na maharagwe, lakini mmea huu wapenda udongo wake wa zamani. Funika kwa majani makavu. Kiangazi usimwagilie, kwani kiazi kimelala.

Usitazamie gunia. Mashina 10 hayatalisha soko la Tunduma, na mchuuzi akija na fedha mkononi, mwambie hayauzwi mpaka yamwage mbegu. Mwaka wa kwanza yamkini lisichanue hata moja. Usifukue ili kutazama.