JIKONI MWETU: Chungu cha Jirani



Juma hili twawaletea mapishi manne, yote ya Kakontwe, hapa Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga. Tumeyachagua kwa sababu moja: kila pishi lina watu waliolizaa, na kila pishi leo hupikwa pia na watu wa lugha nyingine. Basi tutasema habari za unga na mboga, lakini kwa njia hiyo tutasema pia habari za jirani. Maana mtu aanzaye kucheka chungu cha jirani yake hakawii kumcheka jirani mwenyewe, na kicheko cha namna hiyo kimeutia mji wetu hasara kubwa, kama tutakavyoeleza.

Kakontwe ni mahali pa mawe ya chokaa. Wataalamu wa miamba walitwaa jina la mahali hapa wakaliita tabaka zima la mawe ya namna hiyo, nalo linasomwa vitabuni hata ng'ambo. Likasi nao ni mji uliozaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi. Mwanzoni wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Baadaye wakatafutwa watu wa Lomami, wa Kasai na wa Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli iliyotoka Katanga ilipita Kasai ikafika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na safari ikawa nyepesi. Katika miaka hiyohiyo kampuni ilianza kupenda wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao.

Ndipo akina mama wakaja, kila mmoja na mkono wake wa kupika. Posho ya kila juma ilikuwa ileile kwa wote, lakini mama wa Kasai hakuipika kama Mbemba, wala Msanga hakuipika kama mama wa Rwanda. Wakachunguliana kwanza, wakachekana kidogo, kisha wakaombana chumvi. Aliyeomba chumvi aliona chungu kilichofunuliwa, akauliza: "Hiki nacho hupikwaje, mama?" Hivyo ndivyo mapishi yalivyovuka ua.

1. Bukari wa unga wa namna mbili

Watu wa Katanga ya kusini wamezoea bukari wa mahindi matupu. Waluba wa Kasai huuita bidia, nao hupenda kuchanganya mahindi na mihogo. Ndoa nyingi za makabila mawili zimepata ugomvi wao wa kwanza juu ya unga huu: bibi arusi anasonga kama alivyofundishwa kwao, na mama mkwe anasukuma sahani. Nasi twasema, jifunzeni namna zote mbili.

Kwa watu 6, chemsheni maji lita 2. Korogeni kikombe 1 cha unga wa mahindi katika maji baridi kidogo, mtie katika maji yanayochemka, uji uive kwa dakika 15. Ongezeni vikombe 4 vya unga wa mahindi, mkisonga. Kisha tieni vikombe 3 vya unga wa mihogo, kidogo kidogo, msonge kwa nguvu mpaka bukari uwe laini na kuacha kushika sufuria. Uacheni motoni dakika chache, halafu muupakue.

Lakini mjihadhari na mihogo michungu, maana ina sumu. Yapasa ilowe majini siku tatu au nne hata iwe laini, ndipo ianikwe ikauke kabisa. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza maradhi yaitwayo konzo, yaliyoonekana katika nchi ya Kwango: miguu ya watoto na ya akina mama hukakamaa kwa ghafla, wala hairudi kuwa mizima. Leo yajulikana kwamba huwapata watu walao mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, pasipo samaki, nyama wala maharagwe ya kuwapa nguvu. Basi ukinunua unga wa mihogo sokoni, ununue kwa mtu unayemjua.

Unga huu wa namna mbili una faida nyingine. Katanga hungojea mahindi mengi kutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame mkali uliipata nchi ile, nasi tulikumbushwa kwamba si vema nyumba nzima kutegemea gunia la namna moja. Mama ajuaye kuchanganya unga, chungu chake hakilali tupu upesi.

2. Sombe

Majani ya mihogo huliwa karibu Kongo yote, ila majina ni mengi. Katanga tunasema sombe. Watu wa Kasai husema matamba. Wabemba wa upande wa Luapula husema katapa. Mama wa Kasai hutia mafuta ya mawese. Mbemba hutia karanga zilizotwangwa. Watu wa Kivu hawakosi samaki wadogo wakavu. Hakuna aliyekosea.

Chumeni majani machanga ya juu, muondoe vijiti. Yatieni katika maji ya moto kitambo kidogo yalegee, kisha myatwange kinuni mpaka yawe laini kabisa. Yachemsheni katika maji mengi kwa saa 1 au zaidi, na sufuria iwe wazi. Wengi hufunika wakitaka kuokoa makala, lakini sumu iliyomo majanini hutoka pamoja na mvuke. Ukiufungia mvuke, umeifungia na sumu. Maji yakipungua, tieni kitunguu, pilipili mboga na samaki mkavu. Ikiwa ni bitoyo, muoshe kwanza mara mbili, maana ana chumvi nyingi. Mwisho tieni ama vijiko 4 vya mawese, ama kikombe 1 cha karanga zilizotwangwa na kuvurugwa katika maji. Pikeni tena kwa nusu saa juu ya moto mdogo, mkikoroga karanga zisiungue.

Siku ya Ijumaa ya Kwaresima, sombe yenye karanga ni chakula kitimilifu: haina nyama, na watoto hushiba.

3. Kikanda

Pishi hili ni la watu wa nchi za juu, Katanga ya kusini na Zambia. Mgeni akilionyeshwa hudhani ni nyama iliyosagwa, kumbe hakuna nyama hata kidogo. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya maua ya mwituni yaitwayo okidi, ambavyo huchimbwa mabondeni penye majimaji. Vioshwe, vianikwe, vitwangwe viwe unga.

Twaeni vikombe 2 vya unga wa kikanda, vikombe 2 vya karanga zilizotwangwa, vikombe 5 vya maji, vijiko vidogo 2 vya chumvi, kijiko kidogo 1 cha magadi, na pilipili kadiri mpendavyo. Chemsheni maji pamoja na karanga, chumvi na pilipili kwa dakika 10. Tieni magadi, kisha unga wa kikanda kidogo kidogo, mkikoroga bila kupumzika, maana huganda upesi. Ukiisha kuwa mzito, funikeni sufuria, mweke makaa machache ya moto juu ya kifuniko, muiache juu ya mbabula yenye moto mdogo kwa nusu saa. Kikipoa, kateni vipande.

Twawaomba jambo moja wachimbaji na wanunuzi. Achimbaye kiazi hiki ameua na ua lake. Zamani familia ilichimba ya kula nyumbani. Leo yachimbwa magunia kwa magunia ya kuuza mijini, na maua hayo yanazidi kuwa adimu. Chimbeni viazi vikubwa, muache vidogo vikue. Kikanda kiwe chakula cha sikukuu, nao wajukuu watakionja.

4. Munkoyo

Hiki ni kinywaji cha ugeni, kijulikanacho Katanga na Zambia. Pikeni uji mwepesi: maji lita 8, unga wa mahindi kilo 1, uchemke kwa saa nzima. Uacheni upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia joto lake. Pondeni viganja 2 vya mizizi ya munkoyo, mtie ndani, mfunike kwa kitambaa safi hata asubuhi. Chujeni, mnywe.

Wanafunzi wataona ajabu: uji ulikuwa mzito na hauna ladha, asubuhi umekuwa mwepesi na mtamu, wala hakuna aliyetia sukari. Sababu ni kwamba mizizi ile ina nguvu ya kuugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari. Utamu huo nao hugeuka kuwa ulevi ukiachwa siku mbili tatu. Kwa hiyo munkoyo wa watoto uwe wa siku ileile. Wala msichimbe mizizi msiyoijua, kwa kuwa mizizi mingine hufanana nayo na ina madhara.

Haya ndiyo mapishi manne. Sasa twarudi katika neno letu la mwanzo.

Mwaka 1992 maneno ya siasa yaliingia katika mitaa ya Likasi. Watu wa asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa hapahapa, waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa katika nyumba zao. Maelfu kwa maelfu walikimbilia stesheni na mashuleni, wakangojea garimoshi kwa majuma na kwa miezi. Watoto walikufa pale, na wazee pia. Mwaka 1993 mambo hayo yakafika Kolwezi. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa maji mamoja, tena walikuwa wamekula sombe moja.

Twajiuliza, je, neno "wadudu" lilianguka toka mbinguni siku moja? Sivyo. Mtu haitwi mdudu asubuhi moja tu. Kwanza husemwa juu ya chakula chake: "Wale walao kile." "Wale wasiojua kusonga." Mtoto husikia jikoni, huenda kurudia shuleni, na mwenye ulimi mbaya akija huyakuta maneno yamekwisha kuiva. Mama anayezuia kicheko hicho mezani pake amefanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Yafaa kukumbuka vilevile kwamba katika siku zile za taabu walikuwako wenyeji waliowaficha jirani zao, na waliopeleka chakula penye wakimbizi. Chungu kinaweza kutenga watu, nacho chaweza kuwaunganisha. Chamtegemea aliyeshika mwiko.

Petro Mtume naye alipata somo lake kwa habari ya chakula. Alipokuwa Yopa, akiwa na njaa, aliona nguo kubwa ikishushwa toka mbinguni, ndani yake wanyama wa kila namna, akaamriwa ale. Akakataa, maana mababu zake hawakula vile. Akaonywa mara tatu. Mara wageni wakabisha hodi, watu wa nyumba ya Kornelio, naye akatambua kwamba Mungu hakuwa anamfundisha habari za nyama tu, bali habari za watu. Habari hii imo katika sura ya kumi ya Matendo ya Mitume. Isomeni jioni, baba na asomee wote.

Kisha mfanye hivi. Ninyi akina mama, mwende juma hili kwa jirani wa lugha nyingine mkamwombe pishi moja la kwao. Mlipike, mkampelekee sahani. Ninyi mama wakwe, bibi arusi akisonga namna ya kwao, muonje kabla ya kusema. Ninyi akina baba, msimlinganishe mke wenu na mama yenu mbele ya sahani. Nanyi wanafunzi, twaeni daftari, mmwulize bibi yenu pishi moja, na bibi wa jirani pishi moja. Mwandike kipimo cha kila kitu, na jina la pishi kwa lugha ya mwenyewe. Wazee wanaondoka, na pishi lisiloandikwa hufukiwa pamoja nao.

Daftari zenu mpeni mwalimu au mkatekista wenu azilete kwetu. Yatakayotufikia tutayapika kwanza, kisha tutayachapa ukurasa huuhuu.

Mungu abariki unga wenu, na mkono uusongao, na jirani atakayebisha hodi wakati wa kula.