Ukuta Mrefu Si Amani

Mgeni apitaye Elgon View, mtaa wa wenye nacho mjini Eldoret, huona kuta ndefu, malango ya chuma na walinzi, akasema: hapa pana amani. Walakini utulivu wa lango lililofungwa ni jambo moja, na amani ni jambo jingine. Katika lugha yetu amani ni ndugu wa amana na imani. Maneno yote matatu yametoka shina moja la Kiarabu. Pasipo kuaminiana hapana amani, hata ukuta ukipanda mpaka mbinguni.

Msomaji atakumbuka yaliyotokea nje kidogo ya mji huo. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa likatiwa moto hali wanawake na watoto wamejificha ndani. Kwa nchi nzima, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika machafuko yale. Wala moto huo haukuzuka ghafla. Kuni zake zilikuwa zimekusanywa tangu mapigano ya 1991 na 1992, nazo ni ardhi, kabila na kura.

Njia mbili zilitumika kuuzima. Ya kwanza ni ya wakubwa. Kofi Annan aliwakalisha mezani Mwai Kibaki na Raila Odinga, wakatia saini mapatano tarehe 28 Februari 2008. Kisha mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao jamii zao zilikuwa zimepigana Bonde la Ufa, wakaungana na kushinda uchaguzi. Hatukatai, damu iliokoka. Lakini masikilizano ya wakubwa ni kama kamba ya mashua: aliyeifunga ndiye awezaye kuifungua. Oktoba 2024 Bunge na Seneti zilimwondoa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, na fungamano la jamii hizo mbili likalegea mbele ya macho yetu. Nani atakayemwambia mkulima wa Burnt Forest kwamba amani ilikuwa ya mabwana hao, si yake?

Njia ya pili ni ya mashinani. Marehemu Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyefariki 2017, aliwafungulia wakimbizi ua wa kanisa lake kuu, na baadaye akaandika kitabu, Amani Mashinani. Utaratibu wake haukuwa wa haraka. Kwanza kila upande hukaa peke yake, ukatoa machungu yake. Kisha wachache wa huku hukutana na wachache wa kule. Halafu wote hukaa pamoja, wakala pamoja, wakapatana kwa maneno yao wenyewe. Mwisho hujenga kitu cha shirika, kama barabara, shule au josho la ng'ombe, ambacho kikiharibika hasara ni ya wote.

Njia hiyo si ya Eldoret peke yake. Wajir, mwaka 1993, akina mama, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianza kwa kupatana sokoni, na mwisho wazee wa koo wakafikia Azimio la Al-Fatah. Sisi wa pwani twaijua kwa jina la sulhu.

Je, sulhu yatosha? La. Washtakiwa wanne wa Kiambaa waliachiwa na mahakama mwaka 2009 kwa upungufu wa ushahidi, na kufikia 2016 kesi za The Hague zilikoma bila ya mtu kutiwa hatiani kwa mauaji yale. Aliyefiwa akiambiwa asamehe, ana haki ya kuuliza amsamehe nani. Jawabu lake halimo katika hotuba; limo katika hati za ardhi zisizo na mizengwe, na katika polisi wasiochagua kabila.

Uchaguzi mwingine ni mwaka 2027. Wenye majumba ya Elgon View wana elimu, wana fedha, na wakubwa huwasikiliza. Wakipenda waweza kutoka nje ya malango, wakaketi na majirani wa Kiambaa kabla ya kampeni kuanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tayari umejengwa. Ufa ndio ambao haujazibwa.